Venturer na U-864: nyambizi ya Waingereza ilivyoizamisha nyambizi ya Wajerumani zote mbili zikiwa chini ya maji

Kuna kisa kimoja cha Vita Kuu ya Pili ambacho kila nikikutana nacho naona kimeelezwa nusu. Ni kile cha HMS Venturer, nyambizi ndogo ya Waingereza, ilivyoizamisha U-864 ya Wajerumani tarehe 9 Februari 1945 karibu na kisiwa cha Fedje huko Norway, na zote mbili wakati huo zilikuwa zimezama, yani hamna aliyekuwa juu. Mpaka leo ndo tukio pekee linalojulikana wazi kwenye historia ya vita ambapo nyambizi imemuwinda mwenzake makusudi na kumuua wote wakiwa chini. Sasa watu wengi wakishasema hivyo wanaongeza kwamba kamanda alikuwa mkali wa hesabu, akapiga mahesabu, akafyatua, akapata, kisa kimeisha. Wengine wanasema ni bahati tu. Mimi siafiki hata mmoja hapo. Ukikifuata kisa hatua kwa hatua unaona kilichomaliza kazi ni uamuzi aliouchukua mapema kabisa kabla hata hajashika penseli, uamuzi wa kukaa kimya, na hesabu zote zilizokuja baadae zilisimama juu ya huo.

Tuanze na Venturer yenyewe. Ilijengwa na Vickers-Armstrongs kule Barrow-in-Furness, ikashushwa majini Mei 1943 na kuingia kazini Agosti mwaka huo huo, na ndo ya kwanza kwenye kundi lake la V, kundi lililotokana na zile nyambizi ndogo za Waingereza wenyewe za kundi la U (si U za Wajerumani) zilizopigana sana Mediterania. Ilikuwa ndogo kweli, urefu kama mita 62, mabaharia wasiozidi 40, matundu manne tu ya kufyatulia torpedo, yale makombora yanayokwenda ndani ya maji, na yote yako mbele. Torpedo zenyewe nane, nne zimo ndani ya matundu tayari na nne za akiba. Hiyo namba nne naomba uikumbuke kwa sababu ndo kila kitu kwenye kisa hiki, maana ukishafyatua nne, kupakia nyingine kunachukua muda na kunapiga kelele, na adui aliyeko chini ya maji na wewe hakusubiri.

Kamanda alikuwa Luteni James Launders, kijana wa miaka 25. Umri huo unaweza kukushangaza lakini huduma ya nyambizi Uingereza ilikuwa imekula watu vibaya, zaidi ya nyambizi 70 zilipotea kwenye vita ile na mara nyingi nyambizi ikipotea inapotea na wote waliomo, kwa hiyo makamanda walikuwa vijana kwa sababu waliokuwa na umri walishakufa au walishapandishwa kwenda ofisini. Na Launders hakuwa mgeni wa kazi. Novemba 11, 1944, huko huko Norway lakini kaskazini zaidi, kwenye maji ya Andfjord, alishaizamisha U-771 ikiwa inatembea juu ya maji, na Wajerumani wote 51 waliokuwemo wakafa. Hiyo ilikuwa kazi ya kawaida kwa nyambizi, unajificha chini, unamuona mwenzako juu, unampiga. Ya Fedje haikuwa hivyo hata kidogo.

Upande wa pili sasa. U-864 ilikuwa kubwa, aina ya IXD2, zile za safari ndefu, urefu unakaribia mita 88, yani Venturer ukiiweka pembeni yake inaonekana mtoto. Kamanda wake Ralf-Reimar Wolfram. Ilitoka Kiel tarehe 5 Desemba 1944 ikiwa na kazi moja, kupeleka mzigo Japani. Ndani kulikuwa na vipuri na michoro ya ndege za jeti, wahandisi wa Kijerumani na wataalamu wa Kijapani, na tani 67 za zebaki, hii hii ambayo wachimbaji wadogo kule Geita na Chunya wanakamatia dhahabu. Japani waliihitaji kwa ajili ya viwashio vya risasi na mabomu. Ilipakiwa kwenye chupa za chuma 1,857 zikapangwa chini kabisa kwenye sakafu ya nyambizi, sehemu ambayo kawaida huwekwa uzito wa kuisimamisha isiyumbe. Kila chupa ndani inaingia chini ya lita 3, ukiiona utasema ni kitu cha kubeba mkono mmoja, lakini zebaki ni nzito kiasi kwamba chupa moja ilikuwa na kilo kama 36.

Njia waliyopanga ilikuwa kushuka Atlantiki, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kukata Bahari ya Hindi mpaka Asia. Kwetu huku nyambizi za aina hii hazikuwa hadithi za mbali. Zile kubwa za Wajerumani zilikuwa zinapita na kuwinda meli kuanzia Msumbiji kwenda juu, na Wajapani nao walikuwa na zao, na Februari 1944, mwaka mmoja tu kabla ya kisa hiki, meli Khedive Ismail iliyotoka Kilindini, Mombasa, ikielekea Colombo ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi ikazama ndani ya dakika chache sana, wakafa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Hao ni babu zetu. Nikisoma habari za nyambizi za vita ile siwezi kuzisoma kama mchezo, ndo maana nimeingiza hili hapa hata kama linatutoa kidogo njiani.

Turudi. Safari ya U-864 ilianza vibaya. Ikiwa bado kwenye pwani ya Norway iligonga chini ikaharibika ikabidi iingie Bergen kutengenezwa, na Bergen kwenyewe hakukuwa salama, tarehe 12 Januari 1945 ndege za Waingereza zilikuja na mabomu makubwa ya Tallboy zikapiga ngome ya zege ya kuhifadhia nyambizi. Mwanzoni mwa Februari wakaondoka tena. Wakapita eneo la Fedje, wakaingia bahari wazi, hamna aliyewaona. Ungesema wameshapona. Alafu injini moja ya dizeli ikaanza kukohoa, ikawa haiwaki sawasawa na inatoa kelele.

Hapo Wolfram alikuwa na shida ya kweli na mimi simlaumu kwa alichofanya. Ana safari ya miezi mbele yake, kuzunguka Afrika nzima, kwenye bahari ambayo wakati huo imejaa ndege na manowari za adui, na usalama wake wote unategemea kutosikika. Injini inayopiga kelele siku ya tatu au ya nne ya safari itakuwaje ukifika kusini mwa Atlantiki? Akaomba kurudi, akakubaliwa, akaambiwa arudi mpaka Hellisøy, pale penye mnara wa taa wa Fedje, na kwamba tarehe 10 Februari atakuta meli za kumsindikiza kumwingiza Bergen. Uamuzi wa busara kabisa. Tatizo ni kwamba mazungumzo hayo yalipita redioni kwa mfumo wa siri wa Enigma, na Waingereza kule Bletchley Park, kituo chao cha kuvunja siri za adui, walishakuwa wanausoma. Walijua habari za safari hii, na Venturer iliyokuwa ikifanya doria kutokea Lerwick, visiwa vya Shetland, ilielekezwa Fedje kuisubiri.

Hapa niseme kitu. Watu wakisikia Bletchley Park wanadhani basi kazi imeisha, kama vile mtu amepewa anuani ya nyumba. Hapana. Alichopewa Launders ni eneo la bahari. Bahari ya kaskazini ya mwezi wa pili, baridi, mawimbi, mchana mfupi, na yeye mwenyewe mchana inabidi azame asionekane na ndege za Wajerumani zinazotoka hapo hapo pwani. Ndani ya eneo hilo atafute kitu ambacho nacho kimezama. Na kumbuka adui huyo alikuwa ameshapita mara ya kwanza bila kugunduliwa, kama ile injini ingekuwa nzima U-864 ingekuwa mamia ya kilomita huko magharibi na Venturer ingesubiri Fedje mpaka mafuta yaishe.

Sasa ndo tunafika kwenye uamuzi ninaousema. Venturer ilikuwa na vitu viwili vya kutafutia chini ya maji. Kuna sona, Waingereza wa wakati ule wakiiita Asdic, inapiga mlio unakwenda unagonga kitu unarudi, na ukirudi unajua kitu kiko upande gani na kiko umbali gani, safi kabisa. Na kuna haidrofoni, ambayo ni masikio tu, inasikiliza, haitoi chochote. Sona inakupa majibu yote lakini inamwambia na mwenzako kwamba upo, kwa sababu ule mlio na yeye anausikia, tena anausikia wa kwanza. Haidrofoni haikusaliti, ila inakupa upande tu, umbali haikupi. Unajua sauti inatoka kule, basi. Inaweza kuwa kilomita 2, inaweza kuwa 6.

Launders akachagua masikio. Akazima kishawishi cha kujua haraka. Kwa mtu wa miaka 25 aliyepewa amri ya kuzamisha nyambizi fulani na kuambiwa iko karibu, halafu ana mashine inayoweza kumwonyesha iko wapi ndani ya dakika chache, kusema hapana tutasikiliza tu, hilo kwangu ni kubwa kuliko hesabu zote. Angepiga sona hata mara moja, Wolfram angejua yuko na nyambizi ya adui jirani, angezama chini zaidi, angezima injini, angenyamaza au angekimbilia pwani kwenye ulinzi wake, na kisa hiki kisingekuwepo.

Asubuhi ya tarehe 9, kwenye saa 3 na nusu, mtu wa haidrofoni akasikia kitu hafifu ambacho hakukitambua. Mwanzoni akahisi ni injini ya boti ya wavuvi, maana pwani ya Norway zilikuwa nyingi na mlio wa dizeli ni mlio wa dizeli. Huyu baharia wa kwenye masikio hasemwi sana kwenye masimulizi na kwa kweli anastahili. Kazi yake ni kukaa na vifaa kichwani masaa, anatenganisha mawimbi, samaki, mlio wa chombo chake mwenyewe, na kitu kingine. Angeweza kusema ni mvuvi akaacha. Hakuacha, wakaufuata ule mlio, na mlio wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko ulivyotakiwa kuwa kwa sababu ile injini ya U-864 ilikuwa mbovu, na U-864 ilikuwa na snorkel, bomba la kuvutia hewa kutoka juu, kwa hiyo iliweza kuwasha dizeli ikiwa imezama. Yani kitu kilichomfanya Wolfram arudi ndo hicho hicho kilichomtangaza.

Zaidi ya saa moja baadae, karibu saa 5, kwenye periskopu, lile bomba la kuchungulia juu ya maji, ikaonekana fimbo nyembamba. Hakukuwa na boti yoyote chini yake. Ni periskopu ya nyambizi nyingine. Hapo Launders akajua hakika ni yeye, na akapata kitu cha ziada ambacho haidrofoni haikuweza kumpa, kina. Nyambizi ikitoa periskopu juu haiwezi kuwa chini zaidi ya urefu wa periskopu yake, kwa hiyo anayechungulia anakuwa amekwambia mwenyewe yuko kina gani. Ni jambo dogo ila bila hilo torpedo ingepita juu au chini ya adui, maana torpedo inatembea kwenye kina ulichoipangia kabla haijatoka.

Unaweza kujiuliza kwa nini hakufyatua pale pale. Sababu ni kwamba alitarajia U-864 itapanda juu. Ilikuwa inasubiri msindikizaji, iko karibu na pwani yake, ina injini mbovu, kawaida ingepanda. Ikipanda inakuwa shabaha ya kawaida kama ile U-771. Kwa hiyo akaifuata. Ikawa haipandi. Badala yake ikawa inakwenda zigzagi, inapinda huku, inanyooka, inapinda kule, bado iko chini. Huenda ilihisi kitu, huenda ilikuwa tahadhari tu ya mtu anayeogopa ndege, vyovyote iwavyo ilikuwa inafanya jambo sahihi.

Na muda ulikuwa unamla Launders. Nyambizi ya wakati ule isiyo na snorkel, kama Venturer, chini ya maji inatembea kwa betri. Ukienda taratibu unadumu masaa mengi, ukikimbia kidogo betri inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Venturer isingeweza kupanda juu kuchaji mchana pale karibu na pwani ya adui, ingeuawa. Kwa hiyo kila nusu saa ya kufuata ni nusu saa iliyotolewa kwenye akiba ya kukimbilia baadae, na kukimbia ilikuwa lazima, maana hata akifanikiwa mlipuko utaleta manowari za Wajerumani hapo. Masaa karibu matatu tangu sauti ya kwanza walikuwa bado wanafuata.

Lakini yale masaa hayakuwa ya kungoja tu, na hapa ndo wanaosema hesabu wana haki yao. Kila mara U-864 ilipopinda, upande wa sauti ulibadilika, na ule mbadiliko ukiuandika pamoja na muda na pamoja na mwendo wako mwenyewe unaanza kukuonyesha umbali na kasi, kwa sababu kitu kilicho karibu kinabadilika upande haraka na kilicho mbali kinabadilika polepole. Wakawa wanachora. Zigzagi iliyokusudiwa kumlinda Wolfram ikageuka somo, maana mtu akipinda mara nyingi mbele yako kwa muda mrefu unaanza kuona anapinda kila baada ya muda gani na kwa kiasi gani. Launders akapata mwenendo wa adui bila adui kujua anasomwa. Ndo maana nasema ukimya ulizaa hesabu. Ukiwa umemshtua mtu hatembei kwa mazoea yake, anatembea kwa hofu, na hofu haina mpangilio wa kuchora kwenye karatasi.

Tatizo lililobaki lilikuwa halijawahi kufanyika vitani. Vifaa vya kukokotoa shabaha vya nyambizi zote za dunia wakati ule vilitengenezwa kwa meli inayoelea, unatafuta upande, umbali, mwelekeo na kasi, kina unakijua tayari kwa sababu meli iko juu. Hapa shabaha inaweza kwenda kushoto, kulia, na pia chini. Launders alikuwa na torpedo nne. Hakuwa na torpedo za kusikia na kufuata, zilikuwa za kwenda mbele tu ulikozielekeza. Akafikiri hivi, huyu jamaa akisikia torpedo, na atazisikia, atafanya nini? Atazama na atageuka. Basi nisizipeleke zote alipo.

Saa 6 na dakika 12 mchana akafyatua ya kwanza, alafu nyingine, alafu nyingine, alafu ya nne, zikipishana sekunde kama 17, zikiwa zimetandazwa kwenye eneo ambalo adui yupo na ambalo anaweza kukimbilia. Kisha yeye mwenyewe akazama haraka kukwepa chochote kitakachorudi. Matundu yote manne yalikuwa matupu sasa. Kama amekosea hana kitu mkononi, na mwenzake ana nyambizi kubwa yenye torpedo nyingi zaidi.

U-864 ilizisikia. Ilizama chini zaidi na kugeuka, ndo ile ile hesabu ya Launders. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu ikapita. Na katika kuzikwepa hizo tatu ikajipeleka kwenye njia ya nne. Venturer wakasikia mlipuko, kisha sauti za chuma kinachokatika na kuvunjika kikishuka. Watu 73 walikuwemo, hamna hata mmoja aliyepona.

Sasa bahati iko wapi hapa? Wanaosema bahati wanashika ile nne, wanasema tatu zimekosa moja ikapata, hiyo si ni bahati. Mimi naona wanahesabu vibaya. Zile tatu hazikukosa kwa maana ya kupotea bure, zilikuwa sehemu ya mtego, ndo zilizomsukuma Wolfram ageuke na azame, na bila kugeuka asingekutana na ya nne. Angefyatua zote kwa mstari mmoja mahali adui alipo, adui angekwepa zote nne kwa hatua moja. Bahati ipo, siikatai, ipo kwenye ile injini mbovu, ipo kwenye ile periskopu iliyoonekana juu, hivyo Launders hakuvitengeneza. Lakini alivyovitumia ndo swali, na hapo sioni bahati. Kulikuwa na nyambizi nyingi za Waingereza vita nzima na adui walionekana mara nyingi wakipotelea chini ya maji, na hamna mwingine aliyefanya hivi.

Kuna upande mmoja ambao nadhani unasahaulika, nao ni Wolfram alikosea wapi. Kurudi halikuwa kosa, nimeshasema. Kutopanda juu halikuwa kosa. Zigzagi halikuwa kosa. Kosa, kama tunaweza kuliita hivyo, ni kukaa muda mrefu kwenye kina cha periskopu na injini inayopiga kelele kwenye eneo ambalo makao makuu yamekutangaza redioni utakuwepo. Lakini yeye hakujua kuwa Enigma inasomwa, hamna Mjerumani aliyejua, waliamini mpaka mwisho ule mfumo hauvunjiki. Kwa hiyo alikuwa anajilinda na ndege, kwa sababu kwa akili ya wakati ule ndege ndo zinaua nyambizi, na hamna kamanda duniani aliyekuwa na sababu ya kuogopa nyambizi iliyozama akiwa naye amezama. Jambo lenyewe lilikuwa halijawahi kutokea. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kutojikinga na kitu ambacho kwa ujuzi wa dunia nzima asubuhi ile hakikuwepo.

Launders alipewa nyongeza kwenye nishani yake ya DSO. Vita Ulaya ikaisha miezi mitatu baadae. Nyambizi nyingine ya Wajerumani, U-234, ilitumwa nayo kuelekea Japani na mzigo wa siri ukiwemo urani, hiyo ilikuwa bado baharini Ujerumani iliposalimu amri Mei 1945 na ikajisalimisha kwa Wamarekani. Venturer yenyewe Waingereza waliiuza kwa Norway mwaka 1946, ikapewa jina Utstein, ikatumika huko mpaka ikavunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1964. Yani iliishia kuwa mali ya nchi ile ile ambayo mbele ya kisiwa chake ilifanya kazi yake kubwa. Na kazi ile baadae ilikuja kuangaliwa kwa jicho lingine kabisa, kwa sababu enzi ya vita baridi kazi kuu ya nyambizi za Waingereza, Wamarekani na Warusi ikawa ndo hiyo, kumfuata mwenzako chini ya maji kwa masikio tu, kimya, masaa na siku, unamsoma mwenendo bila yeye kujua.

Ila kwa watu wa Fedje kisa hakikuisha 1945. Mabaki ya U-864 yalipatikana mwaka 2003 na jeshi la majini la Norway, kama kilomita 4 tu magharibi ya kisiwa, kina cha mita kama 150, imekatika vipande viwili vikubwa na sehemu ya kati haipo. Zile chupa za zebaki zimeoza na kutu, na mamlaka ya pwani ya Norway ilikadiria kwamba kilo kama 4 za zebaki zinavuja kila mwaka kwenda kwenye tope la bahari. Eneo la mabaki limefungwa kwa uvuvi, na wajawazito na wanaonyonyesha wameshauriwa wasile samaki wa hapo.

Wakaanza kubishana, iinuliwe au ifunikwe. Mwaka 2009 serikali iliamua iinuliwe, baadae ikageuka, mwaka 2016 wakamwaga mchanga na mawe kuzuia mteremko wa chini usiporomoke na ile nyambizi, na 2018 serikali ikasema ifunikwe. Wakazi wa Fedje miaka yote wamekuwa wakidai iondolewe kabisa na kwa upande wangu nawaelewa, maana wao ndo wanavua hapo na watoto wao watavua hapo. Hoja ya upande wa pili nayo ni nzito, ukianza kuinua chuma kilichooza kwenye kina kile unaweza kumwaga kwa mkupuo mmoja zebaki ambayo ingevuja kwa miaka mingi sana, na kuna torpedo ndani bado, na kuna mabaki ya watu 73. Hata hivyo zebaki haiozi wala haiishi nguvu kwa kukaa, chochote utakachomwaga juu yake itabaki kuwa zebaki chini yake, na mtu aliyewahi kuona mto ulioharibiwa na zebaki kwenye machimbo yetu ya dhahabu anajua kwa nini mwenyeji wa Fedje hataki kuambiwa tu kwamba imefunikwa.